Mali ya Jirani

Kabati la mninga lilianza kuisha kutoka juu. Kwanza ilitoweka nakshi ya kichwani, kisha milango ikapungua kimo, kama sabuni inavyopungua mkononi mwa mfuaji, na unga laini wa rangi ya udongo ukadondoka ndani ya mfuko uliowekwa chini. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kuungua. Palikuwa na mwanga mwembamba wa samawati uliokwenda kushoto na kulia bila kuchoka, na mvumo mdogo kama wa nyuki walio mbali. Kabla chai haijapoa katika vikombe vya watazamaji, kabati lililosimama pale tangu Bi Siwema alipoolewa lilikuwa limekwisha. Ukutani palibaki mraba wa rangi safi ambayo haikuwahi kuona jua.

Watu waliojaa sebuleni na uani wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliingiza mkono ndani ya mfuko, akausugua ule unga kati ya vidole, akaunusa, akawaambia wenzake kwamba bado unanukia mninga.

Mashine iliyofanya kazi hiyo iliitwa Mpagazi. Ilikuwa na kimo cha mbuzi, miguu sita, na jicho moja lililoweza kuzunguka pande zote. Aliyeibuni, Mhandisi Nyamizi Kasanda, aliipa jina hilo kwa kuwakumbuka watu wa Unyamwezi ambao zamani walibeba mizigo mabegani kutoka bara hadi pwani. Alikuwa amesoma namna walivyofunga mizigo yao, na aliona kwamba tatizo lao ndilo lililokuwa lake: njia ni ndefu na bega lina kikomo. Chombo cha kwenda Mwezini hakikuweza kubeba nyumba ya mtu. Familia nzima iliruhusiwa kifurushi chenye uzito wa mtoto mchanga.

Jibu la Nyamizi lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa lilimchukua nusu ya ujana wake kulitengeneza. Usibebe kitu, beba maelezo yake. Mwanga wa Mpagazi uliondoa kitu tabaka kwa tabaka, na kila chembe ilipong'oka mahali pake, mahali hapo paliandikwa. Ramani yote ya kabati, pamoja na mikwaruzo na alama ya kikombe cha moto kilichowahi kuwekwa juu yake, iliingia ndani ya kijiwe cha kioo kisichozidi punje ya mahindi. Nacho kiliitwa hivyo, punje. Kule Mwezini punje ilitiwa katika mashine nyingine, Mfumaji, ambayo ilichukua vumbi la kule ikalifuma chembe kwa chembe mpaka kabati likasimama tena, na mikwaruzo yake.

Ubaya ulikuwa mmoja. Kitu hakikuweza kusomwa bila kubomolewa. Kwa hiyo Mpagazi haikugusa chochote kabla ya kuuliza, kwa sauti ya upole, "Mali ya nani?" Mwenye nyumba akijibu "Yangu," mwanga uliwaka. Akijibu "Si yangu," mashine iliruka kitu hicho ikaenda kwa kinachofuata.

"Umeona, Mama?" Nyamizi alisema siku ile ya kabati, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya chini, ilipanda kidogo.

Bi Siwema alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. Alisema angependa kuona kitanda nacho kikiisha, kisha meza, halafu, kama inawezekana, mlango wa mbele, kwa sababu haelewi ataishije ndani ya nyumba yenye mlango asioujua.

* * *

Hakuna aliyefurahia safari ile kuliko yeye. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya Tabora kwa maisha yake yote ya kazi, tangu enzi ya treni za magurudumu hadi hizi zinazoelea juu ya sumaku, na alikuwa amewaambia maelfu ya watu waende Kigoma, Mwanza na Dodoma bila yeye mwenyewe kusogea. Sasa alipita mtaani Isevya akijitangaza. "Abiria Siwema, anayekwenda Mwezini," alisema kwa ile sauti ya puani iliyojulikana mji mzima, "anaombwa kusogea jukwaa la juu. Wanaomsindikiza wanaombwa kupunguza machozi."

Jirani wa ng'ambo ya njia, Mzee Pazi, Mzaramo aliyeolea Tabora na kubaki hukohuko, hakuiachia nafasi hiyo. Utani wa makabila yao ulimpa ruhusa ya kusema lolote. Alikuja na kiti chake, akaketi katikati ya ua, akamwambia Bi Siwema kwamba Wanyamwezi kwa kubeba mizigo hawaaminiki. "Mkifika huo mwezi msiusogeze," alisema. "Sisi tunauhitaji wa Ramadhani."

"Usihangaike tena kupanda juu ya bati kuutafuta," Bi Siwema alimjibu. "Mwaka huu nitakupigia simu mwenyewe nikwambie umeandama. Nitakuwa nimeukalia."

Walicheka mpaka Mpagazi, ambayo ilikuwa imefundishwa kusubiri kelele zipungue, ikasimama.

Nyamizi naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye vyumba. Chombo kilikuwa kinaondoka Ijumaa. Yeye alichaguliwa kwenda kusimamia Mfumaji, kazi ambayo mwingine hakuijua vya kutosha, na aliikubali kwa sharti moja, kwamba mama yake aende naye. Baba alikwisha fariki na ndugu hakuwa naye. Safari ilikuwa ya kwenda tu. Mifupa ikizoea wepesi wa kule haistahimili tena uzito wa huku, na kwa mtu wa umri wa Bi Siwema mazoea hayo hayachukui muda. Atakayebaki, amebaki.

Na kulikuwa na Kanuni ya Nyumba Tupu. Mamlaka ya Makazi ya Mwezini haikumruhusu mtu kupanda chombo mpaka nyumba yake ikaguliwe na kuonekana haina kitu, na mpaka ithibitike kwamba hakuacha mali yake kwa mtu, wala hachukui mali ya mtu. Nyamizi alikuwa katika kamati iliyoitunga. Walifikiri kwa makini. Huwezi kuwa na kesi ya sufuria kati ya mbingu na ardhi, walisema, kwa hiyo kila mtu aondoke amemaliza. Nyumba ya Bi Siwema isipokuwa tupu kufikia Ijumaa asubuhi, nafasi yake itakwenda kwa aliyefuata kwenye foleni, na Nyamizi atapanda peke yake.

Kazi ilianza vizuri. Kitanda kiliisha, meza ikaisha, na Bi Siwema alikuwa na la kusema juu ya kila kitu kilipokuwa kinatoweka. Redio iliyokufa zamani alikataa kuiacha. Alisema huenda ni hewa ya huku ndiyo iliyokuwa ikiisumbua. Jikoni ndipo mwendo ulipopungua.

Mitaa mingi ya Tabora ilikuwa na minara ambayo chakula kilipandishwa kwa mabomba hadi mlangoni. Isevya ilikuwa bado na majiko, na penye majiko pana mabakuli yanayotembea. Mtu akipika kizuri humpelekea jirani, na bakuli la jirani halirudi tupu. Jirani atakaa nalo siku mbili tatu, mpaka naye apike kitu cha kulijaza. Kwa sababu hiyo kila nyumba ilikuwa na vyombo vya watu, na vyombo vyake vilikuwa kwa watu, na ili visipoteane kwenye harusi na misiba kila mwanamke alipaka rangi yake chini ya kitako cha bakuli. Bi Siwema alikuwa mwekundu. Mama Limbu, waliyepakana naye ukuta, alikuwa kijani. Mke wa Mzee Pazi alikuwa na vidoti viwili vyeupe.

Bi Siwema alisema vyombo vya watu virudi kabla ya kuondoka, na Nyamizi alimuunga mkono kwa moyo wote, maana kanuni ilitaka hivyohivyo. Mama akawasha jiko. Alipika wali wa karanga, akachemsha maharage, akakaanga vitumbua, na mabakuli yakatoka mlangoni yamefunikwa kwa vitambaa. Nyamizi alihesabu rafu moja kuwa tupu, akashukuru.

Jioni mabakuli yalikuwa yamerudi. Majirani walisikia kwamba Bi Siwema anaaga, na nani atamwacha mtu aende Mwezini na njaa? Bakuli jekundu lilirudi na kisamvu. Lakini pamoja nalo likaja la vidoti viwili, ambalo lilikuwa limekwenda kwao mchana uleule, sasa lina tambi. Mama Limbu alituma kuku. Mwanamke asiyejulikana vizuri, wa nyumba ya kona, alituma maandazi ndani ya beseni jipya kabisa, kwa aibu ya kutokuwahi kutuma kitu. Kesho yake Bi Siwema akawasha jiko tena ili ayarudishe.

"Mama, tunahama au tunafungua hoteli?" Nyamizi aliuliza.

"Tunahama," alisema Bi Siwema, akipuliza kijiko na kuonja. "Ila siwezi kumpelekea mtu bakuli tupu. Atafikiri tumegombana."

Nyumba ilikuwa inajaa kwa kasi ileile iliyokuwa ikitolewa vitu. Nyamizi, ambaye alikuwa amejaribu Mpagazi kwenye maghala, hospitali na meli, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akaitazama ile rafu. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kuilaumu mashine. Lakini hitilafu hii hakuiona inaanzia wapi, na siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi.

* * *

Alhamisi asubuhi Bi Siwema alikuwa uani akitwanga karanga za kutia kwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Mama Limbu alivipenda kuliko nyama; vyombo vya wengine vilikuwa vimekwisha rudi usiku. Ndani, Mpagazi ilifika kwenye rafu ya mwisho. Juu yake palikuwa na sufuria mbili, birika, ungo, na mabakuli yaliyopangwa moja ndani ya jingine.

"Mali ya nani?" iliuliza.

Nyamizi alikuwa akizungumza kwa simu na watu wa uwanja wa vyombo vya anga, ambao walitaka kujua kama nyumba iko tayari. Aliwaambia iko karibu. Kisha aligeuka, akaona rafu moja tu iliyobaki kati yake na Ijumaa, akajibu, "Yetu."

Mwanga ukawaka. Alipofunga simu, kumbukumbu ilimjia kwamba mabakuli alipaswa kuyageuza kwanza atazame vitako. Alisimamisha mashine. Ilitii mara moja, na kwenye rafu yalibaki mabakuli mekundu, ungo, birika na sufuria. Lile la juu, pana, lenye ufa mdogo ukingoni, lilikuwa unga ndani ya mfuko. Aliisoma ramani kwenye kioo cha ubavuni mwa mashine. Chini ya kitako, mashine iliandika kwa uaminifu, kulikuwa na mstari wa rangi ya kijani.

Bi Siwema aliingia na chungu cha moto alichokishika kwa kanga. Alitazama rafu, akatazama mfuko, akamtazama binti yake. Alikiweka chungu chini polepole.

"Bakuli la Mama Limbu liko wapi?"

Nyamizi alimweleza. Alieleza vizuri, bila kujitetea, na alipomaliza alisema kwamba halijapotea, ramani yake ipo nzima.

"Ilikuuliza ni ya nani," alisema Bi Siwema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukasema yetu."

Mama yake aliketi sakafuni, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, akanyoosha miguu. Zile furaha zote za wiki zilikuwa zimemtoka usoni. Alisema, kwa sauti yake ya kweli na wala si ile ya stesheni, kwamba hawezi kuondoka duniani akiwa amehama na bakuli la mtu. Kama chombo kinaondoka kesho, kiondoke. Yeye atabaki amtazame Mama Limbu machoni.

Nyamizi alifanya alichojua kufanya. Mpagazi ilibeba tumboni mfumaji mdogo wa majaribio. Alirudisha unga, akaingiza punje, na kabla michembe haijapoa bakuli lilikuwa mkononi mwake: lilelile, ufa uleule, kijani ileile iliyopakwa na mkono wenye haraka. Bi Siwema aligeuza, akagonga kwa ukucha, akasikiliza. Alikiri kwamba hajui tofauti. Alilijaza michembe na karanga hadi juu, akalifunika, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Nyamizi alimfuata.

Mama Limbu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mdomo uliowahi kumnyamazisha hata Mzee Pazi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni. Kisha alichukua bakuli, akalinusa, akala kiazi kimoja.

"Kwa hiyo hili ndilo lililokufa likafufuka," alisema. "Mbona halijaongoka? Ufa bado linao."

Bi Siwema alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama Limbu aliwakaribisha ndani, akamimina michembe kwenye sinia lake, akaenda nyuma. Walisikia maji. Akarudi na bakuli limeoshwa na limejaa asali ya miombo, nyeusi, na vipande vya sega vikielea juu, akampa Bi Siwema.

Nyamizi alilidaka kabla halijafika mikononi mwa Bi Siwema. Alijaribu kusema kwa heshima. Alimshukuru Mama Limbu kwa asali, na kwa kuku, na kwa yote. Akamweleza juu ya kanuni, juu ya asubuhi ya kesho, juu ya kiti ambacho mama yake angekipoteza. "Nakuomba, Mama Limbu. Libakize bakuli lako, tumalize."

"Tumalize nini?" aliuliza Mama Limbu.

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Yule mama aliketi, akasimulia kwa ufupi juu ya mdogo wake, Shida, aliyekuwa akikaa karibu na kanisa na kuhamia Mwezini pamoja na familia za kwanza. Shida alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Alirudisha kila cha mtu kabla ya kuondoka, hata sindano, na akadai kila kilicho chake. Wiki ile dada zake walimwona anatembea na orodha kichwani. Aliondoka hana deni la kijiko.

"Mwezi wa kwanza alipiga simu kila siku," Mama Limbu alisema. "Halafu kila juma. Sasa sikumbuki. Simlaumu. Nami hupiga, tunaulizana hali, tunasema nzuri, basi. Hakuna la kuanzia. Zamani angeniambia, dada, lile chujio langu usilipeleke kwa watoto watalitoboa. Tungegombana nusu saa, na humo ndani ningejua kama anaumwa."

Nyamizi alisimama na bakuli mkononi. Asali ilikuwa nzito, na alihisi uzito wake wote. Alikuwa akizipokea taarifa za makazi yale kila robo mwaka. Aliujua mstari unaoonyesha simu za kuja duniani: ulianza juu sana, kisha ukashuka, ukashuka, ukalala chini. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika maelezo pembeni yake. Aliandika kwamba wakazi wameanza kuzoea. Na kulikuwa na taarifa nyingine, ya daktari wa kule, aliyeomba wanasaikolojia zaidi kwa sababu watu hawafunguliani milango. Nyamizi alikuwa ameishangaa. Aliona ajabu kwamba watu waliofika na kila kitu chao, bila kupungukiwa na hata kijiko, wanaweza kuugua kwa kukosa. Hakuona kwamba mtu asiyepungukiwa na kijiko hana sababu ya kubisha hodi.

Walirudi nyumbani na asali. Bi Siwema aliiweka kwenye dirisha, akamwambia binti yake jambo ambalo alikuwa amelifikiria njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua chache. Alisema yuko radhi kwenda. Alikuwa anatamani kwenda tangu mwanzo na bado anatamani, mpaka miguu inamwasha. Lakini atakwenda na bakuli la Mama Limbu, na litasemwa kwamba ni la Mama Limbu. Isiposemwa hivyo, haendi.

* * *

Mchana wote wa Alhamisi Nyamizi alikaa juu ya ndoo yake akiwa na moyo unaomwenda mbio, kama zamani alipokuwa mwanafunzi na mwanga wa kwanza ulipokubali kuwaka. Alikuwa ameiona hitilafu. Mpagazi ilijua majibu mawili tu, yangu na si yangu, na dunia ya mama yake ilikuwa imekaa katikati ya hayo mawili. Alifungua akili mnemba ya mashine akaandika jibu la tatu: mali ya jirani. Kitu cha namna hiyo husomwa na kusafiri kama kingine chochote, lakini ndani ya punje hubeba jina la mwenye nacho, mahali aliko na namna ya kumpata. Na wakati wowote ramani yake inaweza kurushwa kurudi ilikotoka, kwa mwanga, ikafumwa huko.

Mashine aliweza kuibadili. Kanuni hakuweza. Alituma maelezo kwa Mamlaka, akakiri kwamba mstari wa simu alikuwa ameusoma vibaya, akaambatanisha ombi la kibali kwa nyumba moja. Mama yake alikuwa anapita nyuma yake kila dakika akijifanya anafagia. Jibu lilikuja kwa sauti ya mwanamke wa zamu, ambaye hakukataa wala kukubali. Alisema kitu kilichoazimwa lazima kiwe na siku ya kurudi, kwa hiyo hilo bakuli litarudi lini?

Nyamizi alikwenda ukutani akamuuliza Mama Limbu.

"Likijaa," alisema Mama Limbu kutoka upande wa pili.

Alimfikishia mwanamke wa zamu jibu hilo kama lilivyo. Kisha mwanamke aliuliza kwa sasa lina nini ndani. Aliambiwa, asali. Akauliza kama ni ya miombo. Aliambiwa ndiyo. Akapumua, akasema kwamba nyumbani kwao ni Sikonge, kwenye asali kama hiyo, akatoa kibali.

Bi Siwema alisikia. Alitupa ufagio, akasimama katikati ya chumba kisicho na kitu, na sauti yake ya puani ikagonga kuta nne na kurudi. "Abiria wote mnatangaziwa," alisema, na hakuweza kumalizia kwa kicheko. Asali ilikwenda kwenye chupa, ndani ya kifurushi cha mkononi. Bakuli likawekwa sakafuni, na Mpagazi ikaliinamia ikauliza swali lake, na safari hii Bi Siwema mwenyewe ndiye aliyejibu.

* * *

Ijumaa asubuhi nyumba ilikaguliwa ikaonekana tupu. Mtaa mzima ulikuwa nje. Bi Siwema aliketi ndani ya gari la uwanja wa vyombo, kifurushi mapajani, akibishana na Mzee Pazi kupitia dirishani juu ya nani atamzika nani. Nyamizi alibaki nyuma kidogo, ahakikishe punje zimefungwa.

Zilikuwa mbili. Ya mama yake aliitazama kwenye kioo, na katikati ya mistari mingi ya "yangu" ulikuwapo ule mmoja uliokuwa tofauti. Kisha akaitazama ya kwake. Nyumba yake mwenyewe, chumba cha juu katika mnara wa wahandisi, ilikuwa imesomwa wiki mbili kabla, kwa muda mfupi ajabu. Kitanda, yangu. Vitabu, vyombo vya kazi, vikombe sita vya aina moja, yangu, yangu, yangu. Alishuka hadi mwisho wa ramani. Alijaribu kukumbuka jina la mtu aliyekuwa akikaa mlango wa pili katika mnara ule, miaka yote aliyokaa, na halikuja.

Dereva alipiga honi. Nyamizi alimwonyesha kiganja, asubiri, akatembea haraka kuelekea kwa Mama Limbu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwake mikono kifuani, hataki kusogea karibu na gari.

"Mama Limbu," alisema. "Naomba uniazime kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Lakini kiwe kitu utakachokitafuta."

Mama Limbu alimtazama juu mpaka chini. Hakumuuliza sababu. Aliingia ndani, na Nyamizi akasikia akivuta vitu, akivirudisha, akivuta vingine. Alipotoka alikuwa na mchi wa kinu, mrefu kuliko yeye, umelainika katikati pale mikono inaposhika.

"Bila huu kinu changu hakina kazi," alisema. "Kila siku nitakapotaka kutwanga nitakutaja, na sitakutaja vizuri. Urudishe."

Nyamizi alilipokea lile gogo kwa mikono miwili. Kibali kilikuwa cha nyumba moja, na haikuwa yake.

"Nitaurudisha," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kubuni mashine, aliahidi jambo ambalo hakujua atalifanyaje.